Kupima nishati ya kufagia: kosa huanza kabla ya ufagio kushikwa

Saa ya mkononi husoma mtikisiko wa mkono na mapigo ya moyo, kisha hukisia kalori. Kichambuzi cha gesi kinachofungwa mwilini hupima oksijeni iliyotumika na kabonidayoksaidi iliyotoka. Hapo tunakokotoa nishati kwa mlinganyo wa Weir wa mwaka 1949: lita za oksijeni mara 3.941, jumlisha lita za kabonidayoksaidi mara 1.106. Jibu ni kilokalori. Hesabu ni nyepesi. Kazi ni kupata namba zinazostahili kuingizwa humo.

Anza na mashine. Iache ipate joto, pitisha gesi ya mtungi yenye viwango vinavyojulikana (mara nyingi oksijeni asilimia 16 na kabonidayoksaidi 4 au 5), kisha hewa safi, ambayo ina oksijeni asilimia 20.93. Hakiki mita ya mtiririko kwa sirinji ya lita 3, ukiisukuma polepole, kisha kwa kasi. Ikisoma 2.8, usiendelee.

Barakoa inayopeleka pumzi kwenye mashine nayo: ziba tundu la kutolea hewa kwa kiganja, mwambie anayepimwa apulize taratibu, huku ukipapasa kando ya pua na chini ya kidevu. Ndevu huvujisha. Pumzi iliyovuja haifiki kwenye mita, hivyo matumizi husomeka madogo kuliko yalivyo.

Chumba kidogo kilichofungwa hudanganya kwa upande wa pili. Oksijeni ya humo ikishuka hadi 20.73 huku mashine ikidhani bado ni 20.93, na pumzi inayotoka ina 17, matumizi ya oksijeni huzidishwa kwa kama asilimia 5. Fungua madirisha.

Kisha pima mapumziko: mtu amefunga tangu usiku, hajanywa kahawa, amelala chali dakika 20 hadi 30, na dakika 5 za mwanzo zinatupwa. Wengi huruka hatua hii na kutumia meti 1, kipimo cha jumla cha mapumziko, yaani mililita 3.5 za oksijeni kwa kilo kwa dakika. Siipendi njia hiyo ya mkato. Watu wengi, hasa wenye miili mikubwa, wako chini ya hapo.

Chukua mtu wa kilo 70 anayetumia lita 0.75 za oksijeni na kutoa lita 0.64 za kabonidayoksaidi kwa dakika akifagia. Hizo ni kilokalori 3.66 kwa dakika. Akipumzika hutumia 1.19. Kwa dakika 20 jumla ni 73, na takriban 24 kati yake angezitumia hata akiwa amelala. Gharama halisi ya kufagia ni kama 49.

Afagie angalau dakika 8, utupe 3 au 4 za mwanzo, kwa kuwa matumizi ya oksijeni huchelewa kuifikia kazi na kutulia. Kuinua ndoo mara moja hakufiki kwenye utulivu huo: endelea kurekodi hadi pumzi irudi ilipokuwa, kisha toa nishati ya mapumziko.

Akselerometa (kifaa kinachopima mtikisiko) ya kiunoni haioni mzigo kichwani wala kufua ukiwa umeketi. Ya mkononi huona mikono tu. Mapigo ya moyo hupandishwa pia na joto na wasiwasi, na kazi nyepesi za nyumbani ndizo hasa ambamo uhusiano wake na oksijeni ni dhaifu. Maji yenye dyuteri na oksijeni-18 (aina nzito za haidrojeni na oksijeni), yakinywewa, hutoa jumla nzuri ya wiki moja au mbili kupitia mkojo, ila hayatakuambia ni kiasi gani kilikwenda kwenye ufagio.