“Chukua kikubwa, atakikulia”: dhana potofu kuhusu kiti cha magurudumu cha mtoto

Mwaka jana huko Busia, upande wetu wa Uganda, alikuja jaja mmoja na mjukuu wake wa miaka sita. Mtoto alizaliwa na mgongo wazi (spina bifida). Miguu haina nguvu, ila mikono ni imara, mikono ya mtoto aliyejikokota uani tangu alipoanza kutambaa. Kiti alichokuja nacho kilikuwa kipya, rangi bado inang'aa. Nikatoa tepu. Upana wa kiti, sentimita 45. Upana wa mtoto nyongani, 24.

“Jaja, kiti hiki kilinunuliwa kwa ajili ya nani?”

“Cha huyu huyu, mwanangu. Nilisema nichukue kikubwa atakikulia, kama sweta ya shule.”

Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Wengi wetu tulivaa sweta zilizofika magotini, na mama zetu walikuwa na hesabu nzuri ya pesa. Lakini sweta kubwa haimpindi mtoto mgongo. Kiti kikubwa kinampinda. Katika kazi hii ya kupima watoto na kurekebisha viti, hakuna dhana ninayokutana nayo mara nyingi kama hiyo.

“Kikubwa ndicho chenye akiba”

Nilimwomba yule mtoto ajisukume kidogo. Ili alifikie gurudumu la kulia alilala upande wa kulia mpaka kwapa likakaa juu ya mkono wa kiti. Akasukuma. Kisha akajivuta, akalala upande wa kushoto. Kiwiko kimoja kilikuwa kimechubuka kwa kugonga chuma. Alipochoka aliegemea upande mmoja akabaki hapo hapo, na ndivyo alivyokuwa akikaa darasani siku nzima. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na uti wa mgongo wa mtoto nao hukunjika ungali mbichi. Ukishakauka katika upinde huo, mto mzuri wa kukalia wa baadaye hauunyooshi.

Kina cha kiti kina hatari yake pia, tena watu hawakioni. Kiti kikiwa kirefu kuliko paja, ukingo wake unagonga nyuma ya goti, basi mtoto anateleza mbele ili miguu ikunjike. Anaishia kukalia mfupa wa mkia, mgongo umekuwa duara, kidevu kifuani. Ukimwona mama anamvuta mwanawe juu kila baada ya dakika kumi huku akimwambia “kaa vizuri!”, pima kina cha kiti kwanza. Mtoto hana kosa.

Vipimo vyenyewe si vigumu. Upana ni ule wa nyonga, na nafasi ya kidole kimoja kila upande. Kwa kina, pima kutoka nyuma kabisa ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hadi 6. Kwa mtoto mdogo toa zile chache. Kikanyagio kipimwe mtoto akiwa amevaa viatu anavyovaa kila siku, na paja lote lilale juu ya mto. Kikiwa juu mno magoti hupanda na uzito wote hushukia mifupa ya makalio. Kikiwa chini mno miguu huning'inia.

Na kukua je? Kukua kuwekewe nafasi kwenye skrubu. Tafuta kiti ambacho kikanyagio chake kinashuka, egemeo linasogezwa nyuma ili kuongeza kina, na pembeni kuna pedi za kutolewa siku nyonga zikipanuka. Mtoto wa shule ya msingi hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, kwa hiyo kiti kilichomfaa Januari kinaweza kumbana kabla ya Krismasi. Kila baada ya miezi sita kipimwe upya, spana ikiwa mkononi.

“Mto ni anasa, blanketi linatosha”

Hapa naomba wazazi wa watoto wenye mgongo wazi wanisikilize sana. Wengi wao hawahisi makalio yao. Mtoto asiyehisi haumii, na kwa kuwa haumii hasogei. Mfupa unaigandamiza nyama juu ya ubao au turubai, damu haipiti, na kidonda kinaanzia ndani kabla hujakiona. Vidonda hivi huua.

Kipimo chake ni mkono wako. Mtoto akiwa ameketi, pitisha vidole chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikitazama juu, kati yake na mto. Jaribu kuchezesha ncha za vidole. Zikiweza kupanda na kushuka nusu sentimita, mto unafaa. Zisipoweza kucheza lakini zinachomoka kwa urahisi, hiyo ni onyo. Vidole vikibanwa hata kuvichomoa ni shida, mtoto asikae hapo. Rudia upande wa pili, maana wengi wanakaa na uzito upande mmoja.

Kipande cha godoro la sokoni hupita kipimo hiki siku ya kwanza, kisha baada ya wiki chache kimelala kama chapati. Kijaribu kila mwezi. Jioni mtazame ngozi. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, iliyo moto au ngumu kuliko jirani yake. Ukiipata, asiikalie mpaka iishe. Na akijikojolea, mto ukaushwe, maana ngozi yenye unyevu huchubuka upesi.

“Kiti kitamfanya mvivu, hatatembea tena”

Baba wengi huniambia hivi, na ninaijua hofu iliyo nyuma yake: kukubali kiti ni kama kukubali kwamba matumaini yamekwisha. Lakini wapo watoto wanaotembea na magongo ndani ya nyumba na kutumia kiti kwenda shuleni, na wakifika bado wana nguvu za kushika kalamu. Mazoezi ya miguu yanaendelea vile vile. Mtoto wa miaka miwili anaweza kujifunza kusukuma magurudumu mwenyewe, na huo ndio umri wa kufukuza kuku uani na kujua dunia ina nini. Anayebebwa mgongoni kwa leso mpaka miaka saba anaona tu kule anakotazama mama.

Mwenye mtindio wa ubongo ni habari nyingine. Kama hawezi kuushika mwili wake wima, kiti cha kawaida cha hospitali hakimfai hata kama upana umelingana. Kumfunga kitenge kifuani hakutoshi: anashuka, shingo inalala, na akilishwa hivyo uji unaweza kuingia njia ya hewa. Huyu anahitaji kiti chenye kushikilia nyonga, kiwiliwili na kichwa, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

“Kiti ni kiti”

Kiti cha korido ya hospitali, chenye magurudumu madogo membamba mbele, kinanasa kwenye barabara ya udongo mvua ikinyesha mara moja tu. Cha fremu ndefu chenye gurudumu moja kubwa mbele kinapita vizuri, ila hakikunjiki kuingia kwenye taksi. Uliza mtoto anaenda wapi kila siku, na kama fundi baiskeli wa senta yenu ana tairi na tyubu za kiti hicho.

“Tumeshapewa, kazi imekwisha”

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulitaja hatua nane za kumpatia mtu kiti. Kukaa ndani yake na kurekebishiwa ni ya sita. Baada yake kuna mafunzo, kisha matengenezo na kufuatiliwa. Nimeona sherehe ambapo viti vilipangwa mstari, watoto wakapangwa mstari, picha zikapigwa, na tepu haikuonekana. Ukiitwa kwenye ugawaji wa namna hiyo, una haki ya kuuliza nani atapima, na nani atarekebisha baada ya miezi sita. Karakana za hospitali ya CoRSU kule Kisubi, kituo cha Katalemwa Cheshire Home kaskazini mwa Kampala, na hospitali ya Mulago zinajua kuwapima watoto. Nauli ya kwenda huko mara moja ni nafuu kuliko kutibu kidonda.

Yule wa Busia alipata kiti cha sentimita 26. Ekseli ya magurudumu makubwa tuliiweka nyuma ili asipinduke, mpaka azoee. Jaja akakipeleka kile kikubwa kwa jirani mtu mzima aliyekuwa akilala ndani tu. Mwezi wa tatu mwaka huu walirudi, mtoto akiwa mbele na jaja nyuma akimwita apunguze mwendo. Nikakishusha kikanyagio tundu moja.