Je, wajua kwa nini halmashauri inahusika na chumba cha wageni ndani ya nyumba unayoishi?

Nyumba ni yako, hati ina jina lako, na wewe na watoto mnalala humo humo. Mgeni anakuja siku tatu, analipa, kisha anaondoka kwenda Hifadhi ya Ruaha. Halmashauri inaingiaje hapo?

Inaingia kwa sababu sheria ya ardhi haiulizi tu nani mwenye kiwanja, inauliza pia kinatumika kwa nini. Hati ya kiwanja, kiwe cha Gangilonga mjini Iringa au cha Forest jijini Mbeya, huandikwa matumizi yake, na mitaa kama hiyo mara nyingi utakuta neno moja: makazi. Shangazi akija kulala wiki nzima, hayo ni makazi. Mtu usiyemjua, aliyeiona picha ya kitanda chako kwenye simu akalipia usiku mmoja, huyo amenunua malazi. Ni biashara ile ile ya gesti ya Mwanjelwa, ambayo ina leseni, inakaguliwa na bwana afya na inalipa ushuru. Mmoja akiachwa huru na mwenzake akabanwa, aliyefuata sheria ndiye anayeumia.

Hata hivyo, mwenye nyumba anayeishi humo hafanani na mwekezaji aliyenunua nyumba tano akaziachia dalali, na miji mingi inalijua hilo. New York, tangu Septemba 2023, inatekeleza sheria inayomtaka mwenyeji ajiandikishe, na kwa malazi ya chini ya siku 30 awepo mwenyewe nyumbani na asizidishe wageni wawili. San Francisco inamtaka aishi humo angalau usiku 275 kwa mwaka. London inaruhusu nyumba nzima ikodishwe usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha kubadili matumizi. Zaidi ya hapo kibali kinahitajika. Njia ni tofauti, hoja ni moja: mwenyeji akiwepo, kelele zina wa kuzinyamazisha, jirani ana wa kumgongea mlango, na moto ukiwaka yupo anayeijua nyumba.

Tubaki kidogo kwenye moto, kwa sababu hapo ndipo nyumba zetu zina kasoro kubwa. Sheria ya New York inataka mgeni aweze kufika sehemu zote za nyumba na milango yote ya kutokea. Milango ya ndani isifungwe kwa funguo ikamzuia. Sisi madirisha yote yana nondo, na usiku tunafunga geti la chuma la mlangoni kwa kufuli, funguo ikalala chini ya mto wa baba mwenye nyumba. Mwanafamilia anajua ilipo. Mgeni hajui. Moshi ukijaa ukumbini, chumba chake kinageuka sanduku. Dawa yake ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya siku moja: nondo za dirisha la chumba cha mgeni zikatwe, zifungwe bawaba na komeo la ndani lisilohitaji funguo, na dirisha liwe na upana wa kumpitisha mtu mzima. Weka mtungi wa kuzimia moto ukumbini, usiufungie stoo.

Hatari ya pili ni ya nyanda za juu hasa. Usiku wa Juni na Julai Mbeya baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na mgeni aliyetoka pwani ataomba jiko la mkaa chumbani. Usimpe. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala haamki. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Mpe blanketi la pili na chupa ya maji ya moto.

Karo, yaani shimo la maji machafu, nalo huonya mapema kwa anayehesabu. Shimo lililochimbwa kwa watu watano, ukiongeza vyumba viwili vya wawili wawili, linahudumia tisa. Kila mmoja akioga ndoo mbili za lita 20, hizo ni lita 160 zaidi kwa siku kabla hujahesabu choo na kufua. Bwana afya akiuliza habari za karo, anamtetea jirani wa mteremkoni.

Sasa makaratasi. Wengi hununua vitanda na kupaka rangi kwanza, kisha wanakwamia kwenye hati. Anza na afisa mipango miji wa Jiji la Mbeya au Manispaa ya Iringa, umuulize kama matumizi yaliyoandikwa yanabeba malazi au unapaswa kuomba kuyabadili. Halafu TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA. Na kama biashara itaitwa jina lisilo lako, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Leseni ya biashara inaombwa halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na ni ya mwaka mmoja. Ukilenga watalii, kuna pia leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Mwenyekiti wa mtaa mwambie mapema, asisikie kwa majirani kwamba kwako wageni hawakatiki.

Kuna anayesema, "Mbona kodi ya jengo nalipa kila mwezi kwenye LUKU?" Hiyo ni kodi ya jengo tu, haimpi mtu ruhusa ya kulaza wageni. Na ukiwa kwenye umeme wa bei nafuu wa majumbani, angalia yuniti: ukipita 75 kwa mwezi, bei ya kila yuniti inayozidi inapanda sana, na hita ya kuogea ya wageni wawili inakufikisha huko haraka. Weka gharama hiyo kwenye bei ya chumba.

Kitabu cha wageni usikiache. Jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, anakotoka, anakokwenda, tarehe ya kuingia na kutoka, saini. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakugusa na wewe mwenye vyumba viwili: picha ya pasipoti ya mgeni haikai kwenye simu wanayochezea watoto, wala hairushwi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kitabu chenyewe kiwe kwenye kabati lenye funguo, na ukurasa wa mgeni wa jana usiwe wazi mezani wakati wa leo anasaini.