Vitufe vya kibao cha kuchorea kwenye Linux: dhana potofu na ukweli wake

Kwa mbunifu wa mabango pale Nasser Road, Kampala, kitufe kimoja tu cha kutengua kosa kikifanya kazi ipasavyo, mkono wa kushoto hauna haja ya kurudi kwenye kibodi kila baada ya mstari. Inauma basi kukuta vibao vizuri vya kuchorea vikitumika kwa kalamu peke yake, vitufe vimelala, eti kwa sababu "Linux haiviwezi". Inaviweza. Tatizo ni yale yanayosemwa juu yake.

"Linux haina draiva, uitafute kwa mtengenezaji."

Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, ya vibao vya kampuni ya Wacom imo tayari ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Kampuni hiyo haitoi draiva ya Linux kama inavyotoa ya Windows na macOS. Kazi hiyo hufanywa na mradi huria wa linuxwacom, na wahandisi wa Wacom huchangia humo. Kwa hiyo usimalize bando kupakua faili la .exe ukitumaini kuliendesha kwa Wine. Wine huendesha programu za Windows, lakini haiwezi kuingiza draiva ya kifaa kwenye kerneli ya Linux.

Chomeka kibao, fungua teminali, andika `lsusb`. Namba inayoanza na 056a ni ya Wacom, 256c ni ya Huion au Gaomon, 28bd ni ya XP-Pen. Usipoona hata moja, anza kushuku kebo. Kebo nyingi za bei rahisi zinazouzwa barabarani ni za kuchajia simu tu na hazina nyaya za data: taa ya kibao itawaka vizuri kabisa, lakini kompyuta haitaona kitu.

"xsetwacom inafanya kazi popote."

Hapa ndipo wengi wanapopoteza siku nzima. Maelekezo mengi ya mtandaoni yaliandikwa wakati karibu kila kompyuta ya Linux ilikuwa ikitumia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, na `xsetwacom`, amri ya kupanga vibao, huongea na draiva ya X11 tu. Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, draiva hiyo haiguswi kabisa. Vifaa hupitia maktaba iitwayo libinput. Amri haitaharibu chochote. Itakuletea orodha tupu, nawe utadhani kibao ni kibovu.

Ubuntu iliifanya Wayland kuwa chaguo la kawaida kuanzia toleo la 21.04, na 25.10 imekiondoa kabisa kikao cha X11 cha GNOME, mazingira ya dawati ya Ubuntu. Linux Mint yenye dawati la Cinnamon bado huanza na X11. Kabla hujanakili amri ya mtu yeyote, uliza kompyuta yako:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Ikijibu `wayland` na unatumia GNOME, fungua Settings, nenda Wacom Tablet, kisha Map Buttons. Jina la ukurasa lisikudanganye: vibao vya kampuni nyingine navyo hutokea hapo, mradi maktaba ya libwacom inavitambua. Hakikisha kwa `libwacom-list-local-devices`. Kwenye KDE, dawati jingine, ingia System Settings, sehemu ya vibao vya kuchorea. Kubadilisha kazi ya vitufe chini ya Wayland kumewezekana tangu toleo la Plasma (dawati la KDE) 5.26 la mwaka 2022.

Ikijibu `x11`, sasa xsetwacom ni yako. Kwenye Ubuntu, Mint na Debian imo katika kifurushi cha `xserver-xorg-input-wacom`, kwenye Fedora `xorg-x11-drv-wacom`, kwenye Arch `xf86-input-wacom`.

"Kitufe cha nne ni Button 4."

Andika `xsetwacom --list devices`. Kibao kimoja hutokea kama vifaa kadhaa: STYLUS ni kalamu, ERASER ni kifutio chake, PAD ni vile vitufe vya kwenye kibao. Amri ya vitufe ielekezwe kwa PAD, ukinakili jina zima jinsi lilivyo, ndani ya alama za nukuu. Mfano:

`xsetwacom set "Wacom Intuos S Pad pad" Button 1 "key +ctrl +z -z -ctrl"`

Alama ya + inabonyeza, alama ya - inaachia. Ukitaka kitufe kishikilie ufunguo wa kibodi kwa muda wote ulioweka kidole, kama ufunguo wa Space unaosogeza turubai kwenye programu ya kuchora ya Krita, andika `"key +space"` bila kuuachia. Ufunguo utaachiwa wenyewe ukiinua kidole.

Sasa namba zenyewe. X11 imezitenga namba 4, 5, 6 na 7 kwa ajili ya kusogeza ukurasa juu, chini na pembeni. Kwa hiyo baada ya 1, 2 na 3 huja 8, kisha 9, na kuendelea. Anayeandika Button 4 haoni badiliko lolote, na anaishia kulaumu kibao. Usikisie: chukua namba ya id ya PAD kwenye ile orodha, andika `xinput test` na id hiyo, bonyeza kitufe kimoja kimoja, usome namba inayotokea.

Vitufe vya kalamu viko kwenye STYLUS. Huko Button 1 ni ncha yenyewe. Ukiipa Ctrl+Z, kalamu haitachora tena. Itatengua kazi yako kila inapogusa kibao. Anza na Button 2.

"Ukishapanga, umepanga."

Mipangilio ya xsetwacom haihifadhiwi popote. Umeme ukikatika na kompyuta ikazima, imepotea. Hata kuchomoa kebo na kuirudisha kunatosha kuifuta. Weka amri zako zote kwenye skripti, yaani faili la amri, itangulize na `sleep 5` ili kibao kiwe kimetambuliwa, uipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, kisha uiongeze kwenye programu zinazojianzisha ukiingia. Ukichomoa kebo katikati ya kazi, iendeshe tena kwa mkono. GNOME na KDE zenyewe hukumbuka mipangilio iliyofanywa ndani yake.

"Kitufe kisichofanya kitu kimekufa."

Kwenye Ubuntu, Mint na Debian sakinisha `libinput-tools`, andika `sudo libinput debug-events`, bonyeza. Ukitokea mstari wa TABLET_PAD_BUTTON, kitufe ni kizima; hakijapewa kazi tu. Ukitokea KEYBOARD_KEY, kibao chako kinajifanya kibodi. Vibao kadhaa vya Huion na XP-Pen hufanya hivyo bila draiva yake, ndiyo maana kitufe huandika herufi b katikati ya barua.

"Draiva zikiwa nyingi, ni bora zaidi."

Huion na XP-Pen hutoa draiva zao za Linux, kerneli ina draiva yake iitwayo hid-uclogic, na ipo OpenTabletDriver, programu huria inayofanya kazi kwenye X11 na Wayland. Chagua moja. Mbili zikigombania kifaa kimoja, kalamu inarukaruka au vitufe vinanyamaza. Kwa kibao kisicho cha Wacom, OpenTabletDriver ndiyo tunayoipendekeza ijaribiwe kwanza, baada ya kuhakikisha kwamba modeli yako imo kwenye orodha yake. Iwashe hivi:

`systemctl --user enable --now opentabletdriver`

Ili ikishike kifaa, OpenTabletDriver huzuia moduli za kerneli `hid_uclogic` na `wacom`, kwa faili linalowekwa ndani ya `/etc/modprobe.d` au `/usr/lib/modprobe.d`. Ukiiondoa siku moja na kibao kikakataa kabisa, angalia kama faili hilo limebaki, lifute, kisha uwashe kompyuta upya.