Je, wajua kwa nini chupa ya bourbon ina picha ya bata mzinga na namba 101?

Ukiishika chupa ya Wild Turkey, bourbon (wiski ya mahindi) ya Kentucky, Marekani, macho hukutana kwanza na ndege, kisha na namba 101 iliyoandikwa kwa maandishi manene. Wapo wanaodhani ni umri wa kiwanda. Wapo wanaodhani ni namba ya ghala. Kumbe ndege na namba vyote viwili vina uhusiano na bunduki na baruti, ingawa kipimo cha namba hiyo kinatangulia ndege kwa mamia ya miaka.

Tuanze na ndege. Kampuni iliyoipa wiski hii jina, Austin, Nichols, iliyoanza mwaka 1855, ilikuwa ya wauza vyakula kwa jumla jijini New York. Marufuku ya pombe Marekani ilipoondolewa mwaka 1933, ikageukia vinywaji vikali. Kwa masimulizi ya kampuni yenyewe, mwaka 1940 mmoja wa wakuu wake, Thomas McCarthy, alikwenda na rafiki zake kuwinda bata mzinga wa porini, akabeba wiski kidogo kutoka ghalani. Mwaka uliofuata wenzake wakamsisitiza asiisahau "ile wiski ya bata mzinga". Jina likabaki: Wild Turkey ni Kiingereza cha bata mzinga wa porini. Kampuni haikuwa hata na kiwanda cha kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, wakati huo. Ilinunua wiski kwa wengine, na kiwanda cha Lawrenceburg, Kentucky, ilikuja kukinunua mwaka 1971.

Ndege huyu huwindwa kwa shotgani, yaani bunduki ya marisau, na kazi yake ni ya subira kuliko shabaha. Mwindaji huegemea mti kabla ya mapambazuko akiwa na nguo za rangi ya majani, anakwaruza kijisanduku cha mbao kinachotoa sauti ya jike, dume linasogea hatua kwa hatua. Likifika mita 30 hivi analenga kichwa na shingo. Kifua hakilengwi: manyoya na nyama nene huzuia marisau, ndege anakimbia na majeraha, na hata akipatikana nyama imejaa risasi. Saa nyingi za baridi na ukimya kwa mlio mmoja. Si ajabu jioni kambini wakataka kinywaji chenye nguvu.

Sasa namba. Wamarekani hupima ukali wa pombe kwa kipimo kiitwacho prufu, ambacho kwao ni asilimia ya kilevi mara mbili. Kwa hiyo 101 ni asilimia 50.5. Konyagi, kwa kulinganisha, ni asilimia 35.

Lakini kwa nini mara mbili? Hapa ndipo baruti inapoingia. Neno lenyewe kwa Kiingereza lina maana ya uthibitisho, na lilitoka Uingereza, ambako pombe kali ilitozwa kodi kulingana na ukali wake. Inasimuliwa kwamba mkaguzi alimwaga pombe juu ya baruti kisha akaiwasha. Baruti ikishika moto, pombe "imethibitika". Isiposhika, ina maji mengi. Jaribio hilo lina mantiki yake. Baruti nyeusi ni shura (aina ya chumvi), makaa na kiberiti (salfa). Shura huyeyuka kwenye maji lakini kwenye kilevi karibu haiyeyuki kabisa. Kilevi kikiungua na kuisha, kinachobaki ni maji: yakiwa machache baruti inawaka, yakiwa mengi inakuwa tope. Shida ni kwamba matokeo yalitegemea pia umemwaga kiasi gani. Mimina sana, hata pombe kali inashindwa. Mwaka 1816 sheria ya Uingereza ikaachana na ubishi huo na kutumia haidromita ya Sikes, kifaa kinachoelea juu zaidi au kuzama zaidi kulingana na uzito wa kimiminika. Prufu 100 ya Waingereza ikawa takriban asilimia 57. Wamarekani wakaona wajirahisishie hesabu, wakaiweka kwenye 50 kamili.

Geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu wa shotgani, nayo ni namba ya kizamani ya namna hiyo hiyo. Geji 12 maana yake ni kwamba gololi 12 za madini ya risasi zinazoenea mtutu huo zina uzito wa ratili moja, yaani gramu 453.6. Ndiyo maana geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, jambo linalowachanganya wengi siku ya kwanza.

Ukali huo wa 50 na zaidi kidogo ndio unaoziweka chupa fulani karibu na watu wa bunduki. Wiski ya asilimia 40 ukiitia barafu inapoa, inapungua ukali, na baada ya dakika kumi unakunywa maji yenye rangi. Ya 50 inavumilia. Pamoja na Wild Turkey 101, chaguo la maana ni zile zenye maandishi ya "bottled in bond" kwenye lebo. Hizo zinafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1897: zitoke kiwanda kimoja, zikenekwe msimu mmoja, zikae angalau miaka minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na ziwekwe chupani kwa prufu 100 kamili. Rittenhouse, wiski ya rai, ni mfano mzuri wa kundi hilo.

Rai hapa ni nafaka, si maoni. Ni jamaa ya ngano, inavumilia baridi na udongo dhaifu. Sheria inataka wiski ya rai iwe na angalau asilimia 51 ya nafaka hiyo, kama vile bourbon inavyotakiwa kuwa na angalau asilimia 51 ya mahindi. (Kanada ni mambo mengine: huko wiski inaweza kuitwa rai bila kufika kiwango hicho.) Ukitaka kuonja tofauti bila kudanganywa na mambo mengine, weka Wild Turkey 101 ya kawaida kando ya 101 ya rai. Kiwanda ni kimoja na ukali ni ule ule. Ya kwanza ni mahindi asilimia 75, rai 13 na kimea cha shayiri 12. Ya pili ni rai 51, mahindi 37, kimea 12. Ya mahindi inaanza na utamu wa sukari iliyoungua na vanila. Ya rai ni kavu zaidi, ina pilipili manga na kitu kama mnanaa, na inabaki ulimini. Maker's Mark, bourbon nyingine ya Kentucky, imeelekea upande wa pili: imeacha rai kabisa na kutia ngano, ndiyo maana ni laini hata kwa mtu asiyezoea.

Aliyewahi kupika togwa ataelewa kinachofuata bila mwalimu. Mahindi yaliyosagwa hupikwa uji kwanza, karibu na kiwango cha kuchemka, ili wanga ufunguke. Uji unaachwa upoe, rai inaingia kwenye nyuzi 70 na kitu, na kimea mwisho kabisa, kwenye nyuzi 63 hadi 65. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari. Ukikitia uji ukiwa wa moto mno kinakufa, uji unabaki mzito na hauna utamu, na hamira haina cha kula. Ukitia kwa joto sahihi, uji unalegea mbele ya macho yako. Rai ina tabia yake mbaya hapa: ina utomvu unaofanya uji uwe kama gundi, utoe povu na kung'ang'ania mabomba, hivyo mpishi huongeza vimeng'enya na kuupasha moto polepole. Baada ya siku tatu au nne za kuchacha, inakuwa pombe ya asilimia 8 hadi 10, tayari kukenekwa.

Kinachotoka kwenye mtambo ni cheupe kama maji. Rangi yote inatoka kwenye pipa, kwa sababu sheria inakataza kutia rangi au ladha yoyote kwenye bourbon. Pipa lazima liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa kwa ndani. Pipa la kawaida hubeba lita 200. Wild Turkey wanatumia uchomaji mkali, namba 4: moto wa sekunde 55 hivi, hadi ubao unapasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba, na kwa jina hilo la mamba ndivyo mafundi wanavyouita. Mkaa huo unafyonza harufu mbaya za kiberiti zilizobaki kwenye pombe changa. Nyuma yake kuna tabaka jekundu ambamo sukari ya mti imeungua na vanila imefunguka. Joto la kiangazi husukuma wiski ndani ya tabaka hilo, na baridi inairudisha.

Kentucky, kila mwaka sehemu ya pipa hupotea hewani, asilimia 3 hadi 5. Kinachotangulia kupotea kinategemea mahali. Scotland yenye unyevunyevu kilevi kinapotea haraka kuliko maji, hivyo ukali unashuka. Kwenye ghorofa za juu za maghala ya Kentucky, penye joto na ukavu, maji ndiyo yanayotangulia, na ukali unapanda. Sheria inaruhusu pombe iingie pipani kwa hadi asilimia 62.5, Wild Turkey wanaiingiza kwa 57.5. Hiyo ni gharama, maana inahitaji mapipa mengi zaidi, lakini mwishoni haihitaji kuongezwa maji mengi ili ifike 50.5, na ladha ya pipa haichujuki. Kwa maoni yetu, hilo lina uzito kuliko umri ulioandikwa kwenye lebo.

Kuinywa kuna hesabu kidogo. Mimina mililita 60. Inuse ukiwa umeacha mdomo wazi kidogo, la sivyo kilevi kitachoma pua na hutasikia kitu kingine. Ikikuzidi, ongeza vijiko viwili vya chai vya maji, yaani mililita 10, itashuka hadi karibu asilimia 43. Kijiko kimoja cha chakula, mililita 15 hivi, kinaifikisha 40. Usipite hapo. Barafu iwe bonge moja kubwa, kwa sababu vipande vidogo vinayeyuka haraka. Chupa isimame, isilale kama ya divai: kilevi kikali kinakula kizibo, kinamomonyoka na kuipa wiski harufu ya gome. Na chupa iliyobaki robo imalizwe ndani ya miezi michache, hewa inaichosha.

Kabla ya kizibo kutoka, bunduki iwe imeshafunguliwa, risasi zimetolewa na kabati limefungwa. Hilo wapiga shotgani wengi wanalifahamu. Wanaloteleza ni la asubuhi. Mililita 60 za 101 zina mililita 30 za kilevi, zaidi ya chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5. Gilasi tatu za namna hiyo ni gramu 72 za kilevi, na mwili huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, si zaidi, hata unywe kahawa au uoge maji baridi. Maana yake saa 7 hadi 10. Aliyemaliza gilasi ya tatu saa 4 usiku atakuwa safi kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi, na bata mzinga dume huanza kulia mtini kabla jua halijachomoza.