Kupanda mkole uani: ya watu na ya kweli

Mwambie jirani hapa Bagamoyo kwamba umepanda mkole, kale kamti ka maua madogo na matunda, nyumbani, atacheka kwanza. Mkole si ni wa porini, wa kukatia fimbo? Cheko hilo limebeba dhana kadhaa.

"Bogenvilia inatosha, mbona imejaa maua." Ile rangi kali si maua, ni majani yaliyogeuka rangi; ua lenyewe ni kidude cheupe katikati. Tena asili yake ni Amerika Kusini. Mkole ni wa hapahapa, wa jenasi ya Grewia, ukoo mmoja na bamia, pamba na mbuyu. Maua yake madogo yako wazi, nyuki anatua na kula bila tabu. Yakishapita huja matunda, na hapo shore na watoto wa mtaa hugombea nani awahi. Sijaona bogenvilia ikigombewa.

"Unavumilia ukame, basi usiumwagilie." Hili limeniulia miche miwili. Anayevumilia ukame ni mkole wenye mizizi iliyokwisha kwenda chini. Mche wa miezi mitatu hauna mizizi hiyo. Upande masika yanapoanza, mwezi Machi, upate mvua hadi Mei. Kiangazi cha kwanza, kuanzia Juni mpaka vuli ianguke, umwagilie mara chache lakini maji yazame, na utandaze majani makavu shinani. Mwaka wa pili uuache ujitegemee. Samadi usiurundikie, utapata majani mengi, maua haba.

"Viwavi wanatoboa majani, leta dawa." Dawa hiyo haichagui, itaondoka na nyuki pia. Kiwavi ndiye kipepeo wa baadaye, na ndege wengi, hata wala mbegu, hulisha makinda yao wadudu. Mkole wenye majani mazima kabisa haujalisha mtu.

"Kichaka kinaleta nyoka." Nyoka hufuata panya, na panya hufuata makombo na takataka. Fagia chini, pogoa matawi ya chini uone shina. Usiogope panga, mkole ukikatwa huchipua.

"Ni mti wa ovyo." Kawaulize bibi wa Kizaramo. Unyago wa mwali ulifanyika chini ya mkole, na ganda lake lilitoa kamba. Huku kwetu wanaendelea kuung'oa wapate nafasi ya kupanda ukoka.