Berlin, mji uliokalia maji

Chai ya rangi ya Berlin ina utando. Iache kikombeni dakika chache, utaona juu yake ngozi nyembamba ya kahawia. Ukikoroga inakatika vipande na kunata ukingoni. Mwanzoni nilidhani vikombe havikusuuzwa vizuri. Nikabadilisha vikombe, nikabadilisha majani, wapi! Jioni moja, kwa sababu ya mafua tu, nikakamulia ndimu. Utando ukatoweka.

Kwa mhandisi wa maji hapo hapahitaji maabara. Ngozi ile ni kalisiamu kaboneti iliyoshikana na kemikali za majani ya chai, na asidi ya ndimu huivunja. Ndiyo chokaa ileile inayoganda ndani ya birika, ambayo wenyeji huitoa kwa siki. Sisi wa Dar es Salaam tumezoea maji ya bomba kutoka Mto Ruvu (wenye visima vya chumvi mtanisamehe). Berlin inakunywa maji ya ardhini, tena sehemu kubwa huvutwa kwenye visima vilivyomo ndani ya mji wenyewe. Mengi yake ni maji ya mito na maziwa yaliyopenya kingoni na kuchujwa polepole na mchanga. Mchanga huo unafanya kazi nzuri mno, hata kwa kawaida maji hayatiwi klorini. Ila humo chini ndimo yanamookota chokaa.

Mkasa wa pili ulikuwa wa stoo. Majengo mengi ya zamani yana stoo chini ya ardhi, kila mpangaji na kichumba chake. Boksi langu la vitabu na vitenge lililokuwa sakafuni nililikuta limelowa kitako, vitenge vina madoa ya ukungu, na hakuna bomba lililopasuka. Mzee wa ghorofa ya kwanza akaniambia wao huweka vitu juu ya mbao, basi. Katika bonde la mto Spree, katikati ya mji, maji yako mita mbili au tatu tu chini ya miguu. Halafu baada ya 1990 viwanda vingi vilifungwa, matumizi yakashuka, visima vikavuta kidogo, na maji ya ardhini yakapanda. Kule Rudow, mtaa wa kusini mwa Berlin, kuna wenye nyumba wanaohangaika nayo mpaka leo.

Hapo ndipo yale mabomba ya rangi ya waridi ya Berlin yakaniingia akilini. Kila mgeni huyaona: yanatambaa kando ya barabara, yanapanda juu kuruka geti, yanashuka tena. Si gesi wala mapambo. Ukichimba msingi huko shimo linajaa, kwa hiyo maji huvutwa kwa pampu na kupelekwa mtoni au kwenye mfereji. Hayafukiwi kwa kuwa ni ya muda.

Na pampu hazizimwi zege la sakafu likishakauka. Ghorofa ya chini iliyozibwa isipitishe maji ni mtumbwi: maji yanaisukuma juu, na ikiwa nyepesi itanyanyuka au itapasuka sakafu. Kwa hiyo pampu huendelea kuvuta huku ghorofa zikiongezeka, hadi uzito wa jengo uuzidi msukumo huo. Ukiona mabomba ya waridi yanafunguliwa na kuondolewa huku mafundi bado wanajenga juu, ujue hesabu imeshapigwa na nyumba ina uzito wa kutosha kutulia.