Kotwe, uyoga sikio na mti uliooza

Ukipita kwenye vidimbwi vya Pemba vilivyotandwa na yungiyungi, tazama vizuri katikati ya majani. Huenda ukamwona kotwe, bata-mwitu mdogo kuliko wote Afrika: urefu wake ni kama sentimita 30, uzito kama robo kilo. Dume ana uso mweupe, mdomo wa manjano na baka la kijani shingoni. Chakula chake kikubwa ni mbegu za yungiyungi hizo hizo.

Uyoga sikio nao ni ule wa kahawia unaoota kwenye magogo wakati wa masika. Ukiushika unateleza na kunesa, maana umejaa maji. Jua likikaza hunywea ukawa mgumu, ukadhani umekufa. Ikinyesha tena hunywa maji, ukalainika na kuendelea kutoa vumbi lake la uzazi.

Wengi huuhesabu uyoga kuwa mmea. Sivyo. Haujitengenezei chakula kwa jua, na kwa nasaba uko karibu zaidi na kotwe kuliko na mkarafuu unaouotea. Kinachowatenga ni ulaji. Kotwe humeza kwanza, tumbo likasaga baadaye. Uyoga humwaga vimeng'enya, yaani kemikali za kusagia chakula, nje kwa nyuzi zake zilizojificha ndani ya mti, mti ukalainika, ndipo ukafyonza.

Na hapa kotwe anaingia. Ingawa ni ndege wa maji, hutaga aghalabu katika tundu la mti, pengine mita kadhaa juu, na hawezi kulitoboa mwenyewe. Hutegemea mti uliooza ndani, na mwozeshaji ni kuvu, yaani jamii ya uyoga. Si lazima awe uyoga sikio, unaopenda zaidi matawi yaliyokwisha kufa; zipo kuvu zinazokula kiini cha mti ungali hai. Vifaranga wakianguliwa hujirusha chini wakamfuata mama yao majini.

Msitu wa Ngezi, huko huko Pemba, umehifadhiwa, lakini vidimbwi vingine viko mashambani, kati ya mpunga na mikarafuu, ambako mwembe mkongwe wenye tundu huonekana kuni tu. Mti kama huo ukiwa karibu na dimbwi, na hauhatarishi nyumba wala njia, tunaomba uachwe. Kuhusu uyoga wenyewe: kama nyumbani hakuna mzee anayeujua vizuri, usiupike.